Jina Lililomnyamazisha Mdogo Wangu

Mimi ndiye niliyempa mdogo wangu jina la padri wa Ayalandi. Nilimpa nikiwa na miaka saba, nimelala chini ya meza ya Kukhu, nyanya yangu, kule Naitiri, nikitafuta usingizi wa mchana ambao mdogo wangu kwa kelele zake alikuwa amenikatalia. Sikuulizwa na mtu. Ningejua mambo yangefika yalikofika, ningeuma ulimi nikautafuna kama chingamu. Lakini mtoto alilia, mimi nikapaza sauti, yeye akanyamaza, na ujinga wangu ukageuka kuwa mila.

Sasa, kabla hamjaanza kunicheka ninyi wenye ndevu, najua nina miaka kumi na saba na bado navaa soksi za shule. Lakini hata sisi tuna enzi zetu, bana. Enzi zetu kulikuwa na darasa la kwanza, hakukuwa na gredi wani. Enzi zetu mpira ulikuwa wa juala, umefungwa kwa kamba ya katani mpaka ukawa mgumu kama kichwa cha mwalimu wa hesabu, na ukikupiga mgongoni unabaki na alama hadi Jumapili. Halafu mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na kandanda ya mtaa wetu wa Kipsongo ikafa papo hapo. Watoto wa leo nikiwaambia hivyo wananiuliza, "Ati mlikuwa mnacheza na takataka?" Ndiyo, tulicheza na takataka, na tulikuwa na furaha kuliko ninyi mnaogombania chaja.

Wenzangu tuliokulia Kitale wakati ule mtanikumbuka. Tulipanga chumba kimoja pembeni ya Kipsongo, ukuta wa mabati upande mmoja na wa udongo upande mwingine, ili mvua ichague. Mama aliuza omena na nyanya kwenye kibanda. Baba aliendesha trekta katika mashamba makubwa, tukamwona mwisho wa mwezi, akija ananuka dizeli na udongo mbichi. Hiyo harufu ya dizeli hadi leo ikinipita barabarani nageuka. Tulikimbiza matairi, tukaruka blada, ile kamba ya mpira, na wasichana tukijifanya tumelazimishwa, tukacheza bano, gololi za kioo, mpaka vidole vikapasuka. Shuleni tuliketi wanne kwenye dawati la wawili, na yule wa mwisho alikuwa anaandika akiwa nusu amechuchumaa. Nilikuwa mimi. Mwalimu alisema nikiwekwa katikati ninachafua pande zote mbili.

Lakini utoto wenyewe, ule mtamu, ulikuwa Naitiri kwa Kukhu, mama yake Baba. Shule zikifungwa, Baba alitupakia mimi na Mama kwenye trela ya trekta, juu ya magunia matupu, na upepo ukatupiga usoni mpaka machozi yakatoka. Kukhu alikuwa anatusikia kabla hajatuona. Tukifika tulimkuta njiani, amejifunga leso kiunoni, mikono imejaa samadi kwa sababu alikuwa anasiriba nyumba. Alinisalimia kwa kiwiko. "Umekuja, wewe mwenye mdomo?" Na mimi, "Nimekuja, Kukhu, na mdomo nimebeba." Alikuwa anacheka kwa pua tu.

Mnakumbuka kumbikumbi? Kukhu alifunika kichuguu kwa majani ya migomba na blanketi kuukuu, akaacha tundu moja, akaketi na vijiti viwili kugonga kipande cha ubao, ta-ta-ta, polepole kama manyunyu. Wale wadudu kule chini wanaamini mvua imenyesha. Wanatoka na mabawa yao mapya, wamevaa vizuri, wanamkuta mwanamke mzee na sufuria. Niliwahurumia mpaka walipokaangwa. Ukila na ugali wa wimbi na mrenda unaovutika kama kamasi ya baridi, huruma inaisha. Juzi nilimwambia mwenzangu wa kidato cha tatu kwamba nimekula wadudu, akaniuliza kama tulikuwa maskini. Huyo anakula chipsi za mafuta ya wiki jana na anajiona amefika.

Basi, katika likizo hizo kulikuwa na siku moja niliyoipenda kupita Krismasi. Ni siku ya kupanda mahindi, mvua za kwanza zikishalainisha udongo. Fahali wakishapita na plau, Kukhu alisimama kwenye kichwa cha shamba na kikapu cha mbegu, akatuita wajukuu mmoja mmoja kwa jina, akatupa kila mtu mstari wake. Hakuita hovyo. Alikuita pamoja na aliyekuwa na jina hilo kabla yako. "Simiyu, njoo ushike mstari wa Simiyu wa Tongaren, alikuwa hachoki." "Nafula, njoo, na yule Nafula alikuwa na mkono wa kuotesha kunde." Mimi ni Wekesa, nilizaliwa wakati wa mavuno, lakini hata hapo kulikuwa na Wekesa wa zamani, mjomba wa babu, ambaye Kukhu alisema alikuwa mwongo. Nilishika mstari wake kwa fahari.

Kwetu jina ni hivyo. Marehemu hapotei, anangoja mlangoni. Mtoto akizaliwa na akalia bila kukoma, ameshiba, hana homa, tumbo halijamsokota, wazee wanajua kuna mtu anataka jina lake lirudi. Wanawake wanaketi na kuyataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Lile atakalonyamazia, ndilo lake. Halibadilishwi. Ukilibadilisha umemfungia mtu mlango usoni, na mtu huyo anajua unapolala.

Mdogo wangu alizaliwa Agosti, Naitiri hapo hapo, na alizaliwa akilia. Lo, yule mtoto alilia. Kuku walihama. Alilia Jumatatu, akalia Jumanne, muuguzi wa zahanati akampima akasema mtoto ni mzima kuliko yeye. Ndipo Kukhu akawaita majirani wawili, mama wazee, wakaketi sebuleni baada ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mama alikuwa kwenye kiti cha pembeni na mtoto mapajani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Kukhu alianza na jina alilokuwa amelingoja miaka. Situma. Huyo alikuwa mume wake, babu yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Najua alilingoja kwa sababu hakuna mjukuu aliyekuwa ameitikia jina hilo, na kila mwana wa kiume akizaliwa katika ukoo wetu, Kukhu alioga na kuvaa gauni la kanisani. "Situma," akaita. Mtoto alilia. "Situma wa Naitiri, kama ni wewe, nyamaza." Mtoto akaongeza. Akaita tena na tena, sauti ikienda ikilainika, kama mtu anayebembeleza mlango uliofungwa kwa ndani. Majirani wakaingia na majina mengine, wajomba, mababu, mpaka mtu mmoja aliyeliwa na mamba. Hakuna.

Mimi chini ya meza nilikuwa nimeziba masikio kwa vidole, na vidole havikutosha. Sasa, Jumapili iliyotangulia kanisani walikuwa wametuombesha kwa ajili ya Padri Omera. Huyu alikuwa mzungu wa Ayalandi aliyekaa pande zetu tangu Baba akiwa kijana. Alikuwa anakuja kuadhimisha misa Naitiri na pikipiki na mfuko wa spana. Misa ikiisha, anakunja mikono ya shati na kutengeneza baiskeli za waumini. Watu walikuja na baiskeli mbovu kuliko dhambi. Zilipangwa nje zimegeuzwa miguu juu, na wale wa dini nyingine nao walileta zao wakasimama nyuma wakijifanya wanasikiliza mahubiri. Mimi namkumbuka kidogo tu, masikio mekundu, mikono myeusi kwa grisi, na Kibukusu chake kilichowafanya kina mama wacheke mpaka wakashika magoti. Akazeeka, akarudishwa kwao, na siku hiyo tukaambiwa amekufa.

Kwa hiyo mtoto analia, mvua inanyesha, wanawake wanataja wafu, na mimi nikakumbuka mfu mwingine. Nikapiga ukelele kutoka chini ya meza, "Padri Omera!"

Mtoto akanyamaza.

Alinyamaza kabisa. Akafanya sauti ndogo kama mtu anayeshukuru, akalala. Tukabaki na mvua peke yake. Mimi nilianza kucheka, halafu nikaona miguu ya Kukhu. Kutoka chini ya meza sikuona uso wake, niliona miguu tu, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vimejikunja.

Jirani mmoja akasema, "Amepata."

Yule mwingine akasema, "Ah. Lakini ya padri?"

Kukhu akasema kwa sauti ndogo, "Padri hakuzaa."

Nitawaeleza ninyi msiotoka kwetu. Kila marehemu anaweza kurudi, lakini yule aliyekufa bila mtoto haitwi. Wanasema jina lake limekauka. Ukimpa mtoto jina hilo, naye atazeeka peke yake, nyumba yake itamea nyasi. Na padri, sote tunajua, hazai. Kazi yake ndivyo ilivyo. Sasa Kukhu alikuwa na mambo mawili mkononi: jina lisilofaa kuitwa, na mtoto aliyekwisha kulinyamazia. Kulitoa hawezi. Kulitamka hataki.

Na hakulitamka. Kanisani alibatizwa Emanueli, lakini Kukhu alisema Emanueli ni la kanisa, na la nyumbani ni lile lililomnyamazisha, hata kama yeye mdomo wake hautalibeba. Sisi wengine wote tulimwita Omera. Kukhu alimwita "wewe," au "huyu," au "mtoto wa mama Wekesa." Hakumchukia, msimkosee. Alimbeba mgongoni mpaka akawa mkubwa wa kuona aibu. Alimpa mkia wa samaki. Lakini siku ya kupanda ilipofika, sote tukaitwa tukapewa mistari, Omera alibaki ukingoni na kopo lake la mbegu. Kukhu alimwambia, "Wewe saidia mama yako." Akiwa na miaka mitatu aliona ni mchezo. Akiwa na miaka sita alianza kuangalia chini.

Kwingine jina hilo lilikuwa vituko tu. Wajaluo wakiitana "omera" ni kama sisi kusema ndugu yangu. Mama alipokwenda Bungoma kumchukulia cheti cha kuzaliwa, bwana wa dirishani alimsalimia kwa Kijaluo na kumuuliza Kisumu kuko aje. Pale sokoni Bungoma, wamama wa samaki walipomsikia Mama akiita "Omera, usiguse," walimwongezea omena kiganja kizima, ati mtoto wa nyumbani. Mama hakuwasahihisha. Mama si mjinga.

Mimi nilijaribu kurekebisha kwa njia ninayoijua, ambayo ni uongo. Niliona ubaya wote uko kwenye maana. Kama jina lingekuwa na maana nzuri, Kukhu angelilainikia. Kwa hiyo nikiwa darasa la nne nikamwambia, "Kukhu, mwalimu amesema Omera kwa Kiayalandi ni simba wa barafu." Akaniuliza barafu ina simba? Darasa la tano nikasema maana yake ni mvua ya usiku. Darasa la sita nikakosa subira nikasema ni baba wa watoto kumi na wawili. Kukhu aliacha kupepeta mtama akaniangalia. "Mwaka jana ilikuwa mvua. Hiyo mvua imezaa lini?" Kuanzia hapo, nikifungua mdomo juu ya jina hilo, hata kuku walikuwa wanaondoka.

Mwaka huu Omera ana miaka kumi. Yuko gredi ile wanayotumwa kutengeneza kinyago cha kufukuzia ndege, halafu Mama ndiye anatengeneza na mwalimu anampa Omera alama. Aprili tulipokuwa tunarudi kutoka Naitiri, tumechoka, kucha zimejaa udongo wa shamba, Omera akaniuliza, "Wekesa, ni kweli mimi nina jina ya mtu hana watoto?"

"Nani amekwambia?"

"Nafula. Amesema ndiyo sababu sina mstari. Ati mkono yangu itaua mbegu."

Kwa kawaida nina jibu. Muulizeni mwalimu yeyote. Siku hiyo nilihesabu nguzo za umeme kutoka Naitiri hadi Kitale. Yeye hakulia. Afadhali angelia, tulikuwa na ujuzi wa kumnyamazisha. Aliketi anakwangua udongo kwenye kucha kwa kijiti, ukucha mmoja baada ya mwingine, mpaka zikawa safi.

Wiki mbili baadaye alikanyaga msumari. Mama akampeleka zahanati ya kanisa hapo Kitale, nami nikaenda kumbeba. Pale kuna Sista mmoja mzee sana, mzungu wa Ayalandi naye, aliyekuja Kitale kabla Baba hajatahiriwa, na anaongea Kiswahili cha hapa hapa na sauti ya kwao.

"Nani huyu amekanyagwa na gari?" akauliza, akishika mguu.

"Ni msumari, Sista," Mama akasema. "Anaitwa Omera."

"Omera gani, mama? Wewe ni Mbukusu."

"Ni ya Padri Omera. Yule wa baiskeli."

Sista aliweka pamba chini. Alicheka mpaka miwani ikashuka puani, kisha akaacha kucheka, akaipangusa. "Maiko," akasema. "Mama yake alimwita Maiko. Mnajua alitengeneza baiskeli yangu vibaya? Ilikuwa inaenda upande."

Mama akanikanyaga mguu, kwa sababu anajua uso wangu ukitaka kusema kitu. Nikasema hata hivyo. "Sista, na Omera ni nini? Kukhu anasema ni jina ya mtu hakuzaa."

"Padri hakuzaa, hiyo kweli. Angezaa tungesikia." Akarudi kwenye mguu. "Lakini Omera si jina lake yeye. Ni la mlango wake wote, ukoo mzima. Hiyo O ya mbele, kwa lugha yetu ya zamani, ni mjukuu. Mjukuu wa Meara. Huyo Meara ni mzee wa kale, kale sana, na jina lake ni kama mtu mwenye furaha. Akazaa, wakazaa, na wote wakaitwa wajukuu wake mpaka leo. Kule kwao Tiperari ukirusha jiwe sokoni utampiga Omera mmoja, na Omera wa pili atakuuliza kwa nini umempiga binamu yake."

Omera alikuwa amesahau mguu. "Kwa hivyo ako na watoto?"

"Nani?"

"Mwenye jina yangu."

"Wewe," Sista akasema, akifunga bandeji, "mwenye jina yako amejaza nchi mbili, na wengine wakapanda meli. Darasani kwako mnaitwa nani na nani?"

Omera akahesabu kwa vidole. "Brayani, Kevini, Rayani, Liamu, Kenedi wawili."

"Yesu wangu. Hao wote ni wa kwetu. Mmetumaliza."

Nilitaka twende Naitiri siku hiyo hiyo. Nilikuwa tayari nimepanga nitakavyosimama na nitakavyosema. Mama alinisimamisha kwenye lango la zahanati. "Hii ukisema wewe itaharibika," akasema. "Wacha nitasema mimi." Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa na jambo la kweli mdomoni na ikabidi nilimeze. Nililimeza miezi mitatu.

Agosti tulikwenda. Tulimkuta Kukhu nje, na ungo wa maharagwe mapajani, anachambua kwa vidole kwa sababu macho yamepungua. Mama akaketi chini karibu naye, akachukua fungu lake, wakachambua pamoja. Mimi nilijifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa sandali.

Mama akamweleza, polepole, kama alivyosikia. Kukhu hakuinua kichwa.

"Nani amesema?"

"Sista wa Kitale, Mama."

"Si huyu?" Akanielekezea kidevu.

"Huyu alikuwa hapo, lakini alinyamaza."

"Wekesa alinyamaza? Basi hiyo ni uongo."

"Mama, nimesikia na masikio yangu."

Maharagwe yakaendelea kuanguka, mazuri huku, mabovu kule. "Huyo Meara alizaa wangapi?"

"Hata Sista hajui. Lakini jina yenyewe ni ya wajukuu. Hawezi kuitwa hivyo kama hakuwa nao."

"Na alikufa zamani?"

"Zamani mpaka hakuna mtu anakumbuka sura."

"Na bado wanamtaja."

"Bado wanamtaja."

Kukhu akapuliza maganda. "Sasa mzee kama huyo alipita wapi akafika Naitiri kutafuta mtoto?"

"Si alibebwa na pikipiki ya padri," Mama akasema.

Pua ya Kukhu ikatoa ule mlio wake wa kucheka. Kisha akaweka ungo chini, na nikaona anaangalia kiti cha babu, kile cha miguu mitatu ambacho hukaa kando ya mlango na hakuna anayekikalia.

"Mimi nilikuwa namngoja Situma," akasema. "Nilimwita siku ile mpaka koo likakauka. Nikasema, huyu mtu amenikasirikia nini, anakataa kuja. Miaka yote nimejiuliza hiyo." Akasugua magoti. "Kumbe alimpisha mgeni. Situma alikuwa hivyo. Mgeni akiingia, anasimama anampatia kiti, yeye anakaa kwa gogo."

Kukhu akachukua ungo.

Jioni hiyo nilizunguka boma peke yangu. Ninyi wa rika langu mkirudi kwenu mtaona kama nilivyoona. Kichuguu cha kumbikumbi kimesawazishwa, mtu amejenga kibanda cha kuchajia simu. Wale mama wazee wawili waliokuja kutaja wafu wameshakuwa wafu wenyewe, na sijasikia mtoto aliyelilia majina yao. Watoto siku hizi wanapewa majina wakiwa bado tumboni. Mama anaenda Kitale anapigwa picha ya tumbo, akitoka pale mtoto ameshakuwa Liamu, ameshawekwa kwenye simu ya shangazi, na hakuna anayeuliza huyo Liamu wa kwanza alikuwa nani, alizaa, alipenda watu, alikula nini. Wakilia wanapewa katuni. Wananyamaza, ndiyo, lakini hakuna mtu amekuja. Mimi nilikuwa naona ile shughuli ya kuita majina ni kelele za kunikatizia usingizi. Leo ningelipa chochote kulala tena chini ya ile meza, mvua juu ya mabati, niwasikie wanawake watatu wakiutaja ukoo wangu wote mpaka mwisho, kila mtu na alivyokuwa, hata yule aliyeliwa na mamba. Mwaka kesho namaliza shule. Sijui nitakuwa nani, lakini najua siku moja mtoto wangu atalia, na nikifikiria nani atabaki wa kuketi naye na kuyataja hayo majina, namkuta Kukhu peke yake, na Kukhu hachambui tena maharagwe kwa macho.

Asubuhi yake tulikuwa tunakunywa chai kwenye kizingiti, mimi, Mama na Omera, viazi vitamu bado vinatoa moshi. Kukhu alikuwa ng'ambo ya boma akikamua. Ng'ombe mmoja akakata kamba, akaingia kwenye mahindi, na tukasikia mabua yanavunjika.

"Omera," Kukhu akaita. "Omera, kimbia, ng'ombe ameingia."

Mdogo wangu alikuwa na kiazi mdomoni. Akanitazama mimi, akatazama nyuma yake mlangoni, kama kwamba kuna mtu mwingine ametoka ndani ya nyumba. Hakusogea. Sauti hiyo ilikuwa haijawahi kumwita kwa jina hilo.

Mama alimpokonya kikombe mkononi, akakiweka chini, akamwambia, "Itika. Ni wewe unaitwa."